Niliyaita Marekebisho Madogo

Nilipokuwa afisa wa mipango ya ardhi wilayani, niliandika utaratibu ulioruhusu mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji ubadilishwe bila kuitisha mkutano mkuu wa kijiji. Niliuandika mwenyewe, nikautetea mbele ya wenzangu, kisha nikautumia. Kwa utaratibu huo wafugaji walipoteza njia ya kupeleka mifugo mtoni, akina mama wa vitongoji viwili wakapoteza bonde walilokuwa wakikata ukindu, na kijana mmoja akakatwa panga kwenye mkono ambao hadi leo haukunjiki vizuri. Hakuna aliyeniagiza nifanye hivyo, wala hakuna aliyenihonga. Sasa nimestaafu. Majalada yamebaki ofisini, na mtu akiyafungua leo ataona mihtasari, sahihi na mihuri, kila kimoja mahali pake. Atadhani kazi ilifanyika sawasawa. Haikufanyika sawasawa, na mimi ndiye ninayejua ni kwa nini.

Wilaya na kijiji sivitaji, kwa sababu watu wake bado wanaishi pamoja na wanajitahidi kupatana. Wao hawana cha kujibu hapa. Mwenye cha kujibu ni mimi.

Kwa ambaye hajawahi kuona kazi hii ikifanyika, nieleze kidogo. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya kupanga ardhi yake. Timu ya wilaya huenda kijijini kusaidia: mtu wa ardhi, wa kilimo, wa mifugo, wa misitu, wa maendeleo ya jamii. Pamoja na kamati ya kijiji wanatembea, wanahoji, wanachora ramani ya hali ilivyo, kisha wanapendekeza wapi pawe makazi, wapi kilimo, wapi malisho, wapi msitu na vyanzo vya maji, na wapi paachwe akiba. Mapendekezo hayo huletwa mbele ya mkutano mkuu, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Wakiyakubali, ndipo yanapokuwa mpango.

Rangi zinazopakwa kwenye ramani ile zina uzito mkubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatenga ardhi ya jumuiya, inayotumiwa na wanakijiji wote, na inaikataza halmashauri ya kijiji kumgawia mtu binafsi sehemu yoyote ya ardhi hiyo. Kwa hiyo malisho ya kijiji yanapobadilishwa kuwa eneo la kilimo, kilichotokea si mabadiliko ya rangi tu. Ardhi ambayo jana haikuweza kuwa ya mtu, leo inaweza kupimwa na kuandikiwa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la mtu mmoja. Niliwafundisha jambo hilo wenyeviti wa vijiji na watendaji kwa miaka mingi. Nilikuwa nalijua vizuri siku nilipoamua kulikwepa.

Tatizo nililotaka kulitatua lilikuwa la kweli, na sitaki kulidogosha. Mpango wa kijiji kwa kawaida hutazama miaka kumi mbele, na miaka kumi katika nchi yetu ni muda mrefu. Sensa ya 2002 ilihesabu watu milioni 34.4, ya 2012 ikahesabu milioni 44.9, ya 2022 ikafikia milioni 61.7. Kijiji kilichopangwa kikiwa na vitongoji vitatu kinagawanywa na kuwa vijiji viwili, lakini ramani inabaki ya kijiji kimoja. Bei ya ufuta inapanda, na bonde ambalo hakuna aliyelitaka linakuwa gumzo la wilaya nzima. Mifugo nayo inahama. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu, wengi walielekea mikoa ya Pwani na Lindi, wakaingia katika vijiji ambavyo havikuwahi kuota kwamba siku moja vitahitaji kutenga malisho ya maelfu ya ng'ombe. Mpango ulioandikwa kabla ya hapo haungeweza kuwa na jibu. Mpango usiohuishwa humpa ushindi yule mwenye nguvu, kwa sababu kila mtu anajua haufuatwi na hakuna anayeweza kuutumia kujitetea.

Kwa hiyo kutaka mipango ipitiwe upya hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa njia niliyoichagua.

Wilayani kwetu mapitio yalikuwa yakikwama kila mara katika mkutano mkuu. Tunapanga tarehe, tunatafuta mafuta ya gari, tunafika, watu wako mashambani. Tunaahirisha. Mara ya pili mvua inanyesha. Mara ya tatu watu wanafika, wanabishana hadi jioni, na mwenyekiti anafunga kikao bila uamuzi. Ofisini napo ripoti ya robo mwaka inataka idadi ya vijiji ambavyo mipango yake imehuishwa, na safu yangu kwenye jedwali ilikuwa na sifuri. Sifuri zile zilinisumbua kuliko zilivyostahili kunisumbua. Nilianza kuuona mkutano mkuu kama kizuizi, na wanaobishana ndani yake kama watu wasioelewa maendeleo.

Nikaandika utaratibu wa ndani. Ulisema kwamba mabadiliko yasiyozidi sehemu moja ya ishirini ya eneo la kijiji yahesabiwe kuwa "marekebisho madogo". Kwa marekebisho hayo ingetosha halmashauri ya kijiji kukaa, kuandika muhtasari na kubandika tangazo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Asipotokea mwenye pingamizi, tunachora ramani mpya. Sikuwa na mamlaka ya kuliondoa sharti ambalo sheria imeliweka. Nilibuni jina, na kwa jina hilo nikalizunguka sharti. Mwenzangu mmoja wa maendeleo ya jamii alinisikiliza nikimaliza kueleza, kisha akaniuliza, "Kaka, na wasioijua halmashauri wala hawapiti ofisini, wao watajuaje?" Nikamjibu kwamba tangazo litakuwa ubaoni. Alinyamaza, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ridhaa. Nilijua si ridhaa.

Ombi la kijiji kile lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo kuja. Halmashauri yake iliomba ukanda mwembamba wa malisho unaofuata bonde hadi mtoni ugeuzwe eneo la kilimo. Waliotaka mashamba hapo walikuwa wachache: ndugu wa baadhi ya wajumbe, na watu wa mjini waliosikia habari za ufuta. Nilitandaza ramani mezani nikapima. Ukanda ule ulikuwa chini kabisa ya kiwango changu. Nikaenda kuukagua mwenyewe, na nilikwenda masika. Majani yalikuwa yamefika kiunoni, hapakuwa na kwato wala kinyesi cha ng'ombe, njia ilikuwa imezibwa na nyasi. Nikaandika kwenye fomu: "Eneo halitumiki."

Maneno hayo mawili ndiyo kiini cha maungamo haya. Masika mifugo huwa juu, kwenye malambo na madimbwi ya mvua. Inashuka bondeni kiangazi, maji ya juu yanapokauka. Mtu yeyote anayefanya kazi ya ardhi katika nchi ya ng'ombe anajua hivyo, nami nilijua. Aidha, sikumwuliza mfugaji hata mmoja, kwa sababu siku ile hapakuwa na mfugaji wa kuulizwa. Nao kutokuwapo kwao nikakufanya ushahidi dhidi yao. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Walisema hivyo kutuonya tuhudhurie mambo yetu. Mimi niliugeuza msemo huo kuwa kanuni ya serikali.

Kiangazi kilipofika ng'ombe walishuka kama ilivyo desturi, wakakuta ufuta umeota mahali pa njia. Wakapita. Wenye mashamba wakawakamata baadhi, wakadai faini. Wafugaji wakakataa kulipia njia ya babu zao. Usiku wa pili wakawa wanagombea ng'ombe kwenye zizi la kijiji, na hapo ndipo kijana yule alipokatwa. Alikuwa mtoto wa mkulima ambaye hata shamba bondeni hakuwa nalo. Alikimbilia kelele kama vijana wanavyokimbilia.

Nilipofika na gari la wilaya, mzee mmoja wa kifugaji alinisogelea. Hakupandisha sauti. Aliniambia, "Bwana ardhi, wewe ulikuja ng'ombe wakiwa wameshiba. Ungekuja wakiwa na kiu, wangekuonyesha njia wenyewe." Mama mmoja msusi wa mikeka naye akasema yao, ambayo siku ile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuyasikia: mikindu ya bondeni imeng'olewa na kuchomwa kusafisha mashamba, na sasa wakienda kukata michache iliyobaki wanaambiwa wameingia shamba la mtu. Ukindu haukuwa kwenye ramani yetu ya kwanza wala ya pili. Mwanamke anayekata majani na kuondoka na mzigo kichwani haachi alama ambayo mpima anaweza kuichukua kwa GPS. Akina mama wale walikuwa na mahali pamoja tu pa kulisemea jambo hilo, mkutano mkuu, na hapo ndipo mimi nilipofunga mlango.

Yapo mengine ambayo niliyagundua baadaye nilipozilaza ramani mbili pamoja. Njia ile haikuishia kwetu. Iliendelea katika kijiji cha jirani, ambako ilikuwa imetengwa vizuri, na upana wake umeandikwa hadi mpakani. Baada ya marekebisho yangu, njia ya jirani ilifika mpakani ikakutana na shamba. Kijiji cha jirani kilikuwa kimetimiza wajibu wake wote, na mpango wao nikauvunja bila hata kuwaandikia barua.

Siwezi kujitetea kwamba sikuwa na mfano wa kunionya. Mwezi Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Nilikuwa nikiutaja mkasa huo kwenye semina, kila mara, kueleza kwa nini ardhi ya malisho lazima itengwe na ilindwe. Nilikuwa nikieleza pia kwamba Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kupendekeza ardhi ya vijiji iwekwe mikononi mwa mikutano mikuu ya vijiji. Serikali haikulikubali pendekezo hilo kwa ukamilifu wake; ardhi ikabaki chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi wote. Lakini kauli ya mkutano mkuu juu ya mgawo na mpango iliingia katika sheria ya 1999, na ndicho kipande kilichowabakia wanakijiji. Kipande hicho ndicho nilichowanyang'anya kwa karatasi ya ofisini.

Nina kosa la pili, na hilo sijawahi kulisema popote. Baada ya vurugu tuliitisha mkutano mkuu, ule uliotakiwa kuitishwa tangu mwanzo. Watu walijaa. Mwenyekiti alinipa nafasi, nikasimama nikasema kwamba "utaratibu ulikuwa na upungufu". Sikusema utaratibu ni wa nani. Sikusema kwamba mimi ndiye niliyeandika eneo halitumiki. Wajumbe wa halmashauri walibeba lawama zote jioni ile, na mwenyekiti hakuchaguliwa tena. Hawakuwa watakatifu, lakini walipita mlango niliowafungulia mimi, tena wakiwa na barua yangu mkononi. Nilikaa kimya kulinda kazi yangu.

Uamuzi wa mkutano ule ulirudisha sehemu tu. Wenye mashamba kadhaa walikuwa wameshapata hati za kimila, na hati haifutwi kwa kunyoosha mikono. Yalifanyika maridhiano, njia ikafunguliwa upya kwa kuzunguka, nyembamba kuliko ya zamani, na bado inaleta ugomvi mwaka wa mvua chache. Mikindu haikurudi.

Kwa hiyo ninaposikia leo watu wakizungumzia kubadili kanuni za kuhuisha mipango ya vijiji ili mapitio yawe mepesi, moyo wangu uko pande mbili. Ninakubali kwamba kanuni zinahitaji kubadilika, kwa sababu mapitio yanayokwama miaka na miaka nayo yanaumiza watu. Lakini naomba waandishi wa kanuni hizo waepuke nilichokifanya, na hasa mambo haya.

La kwanza, uzito wa badiliko usipimwe kwa ukubwa wa eneo. Njia ya mifugo, kisima, mapito ya kwenda mtoni, makaburi, bonde la ukindu, vyote ni vidogo kwa hekta. Kipimo kiwe idadi ya watu wanaokitegemea na kama wana pengine pa kwenda. Badiliko lolote linaloitoa ardhi katika matumizi ya jumuiya na kuiweka mahali inapoweza kumilikiwa na mtu lisiitwe dogo kamwe, hata liwe la hatua kumi.

La pili, ukaguzi ufanyike majira yote mawili, masika na kiangazi, au angalau katika majira ambayo watumiaji wa eneo hilo wapo. Afisa anayeandika kwamba eneo halitumiki aandike pia mwezi aliokwenda na majina ya makundi aliyoyauliza. Ningelazimika kuandika mambo hayo mawili kwenye fomu yangu, nisingethubutu kuiweka sahihi.

La tatu, jirani ashirikishwe. Sheria ya 1999 inaruhusu vijiji kuingia makubaliano ya pamoja juu ya ardhi wanayoitumia kwa pamoja, na kuna walioonyesha kwamba inawezekana. Wilayani Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilipanga pamoja malisho na maji vinayoyatumia kwa pamoja. Kijiji kimoja kikitaka kubadili sehemu inayogusa makubaliano ya namna hiyo, wenzake wakae mezani kabla ya ramani kuguswa.

La nne, ardhi ya jumuiya ipate hati yake. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya kimila ya pamoja juu ya ardhi yao ya kuwinda na kuchimba mizizi. Malisho ya kijiji chetu yangekuwa na hati ya kundi la wafugaji, kalamu yangu peke yake isingetosha kuyaondoa. Ningelazimika kuwakabili wenyewe, na wangeniambia nisichotaka kusikia wakati ambao bado kingesaidia.

Na la tano, ambalo ndilo nililoliona gumu kuliko yote: mkutano mkuu ubaki. Kama watu hawafiki kwa sababu ya kilimo, mkutano ufanyike baada ya mavuno. Kama kijiji ni kikubwa, vitongoji vikae kwanza, wanawake wakae peke yao pia, kisha mkutano upokee hoja zao. Kama watu wanabishana hadi jioni bila kuamua, basi wasikilizwe tena, kwa sababu ubishi ule niliouchukia ndio uliokuwa ukitoa habari ambazo ramani yangu haikuwa nazo. Najua mkutano nao unaweza kupotoshwa. Nimeona watu wakinunuliwa kwa soda na fulana. Lakini mbele ya mkutano anayetaka ardhi ya wote inabidi asimame aonekane, ataje anachokitaka na jina lake liandikwe. Mbele ya meza yangu hakuhitaji kufanya lolote kati ya hayo.

Kwa ndugu zangu wa kijiji kile: makosa yale yalikuwa yangu, na mwenyekiti wenu wa wakati ule alibeba sehemu ambayo haikuwa yake. Nimemtafuta nikamwambia hivyo uso kwa uso. Nikiitwa mbele ya mkutano wenu kuyasema haya, au mbele ya baraza lolote linaloshughulikia mashamba yale, nitakuja na nitaeleza karatasi zile ziliandikwaje.

Na kwa mwanakijiji yeyote atakayeona gari la wilaya limekuja kuhuisha mpango: omba ramani ya zamani na ramani mpya ziwekwe pamoja mbele yenu, na muulize afisa akuonyeshe kwa kidole kila mahali palipoondolewa katika ardhi ya wote. Muulize ni nani aliyeomba. Muulize alikwenda mwezi gani. Hiyo ni haki yenu, na afisa mwema atawashukuru kwa maswali hayo. Mimi ningeulizwa mapema, mkono wa kijana yule ungekuwa mzima.